Hema haliharibikii kambini, huharibikia stoo

Mazungumzo mbele ya walezi wa vijana, waongozaji wa safari na wakodishaji wa mahema, Mombasa

Hamjambo nyote. Walezi wa skauti, ndugu zetu mnaopeleka wageni Shimba Hills na Tsavo, nyinyi mnaokodisha mahema ufukweni, na nyinyi wenye hema moja la familia lililokaa juu ya kabati tangu likizo ya Desemba. Tutaanza na hilo la juu ya kabati, maana ndilo lililo mahututi.

Mifuko mingi ya mahema ina kikaratasi kilichoshonwa ndani: "Hifadhi mahali pakavu penye ubaridi." Aliyeandika maneno hayo hakuwa Mombasa. Ubaridi tunaweza kuupata kwenye friji, lakini ukavu hatuupati popote. Kwa hiyo leo hatutarudia maagizo ya kikaratasi. Tutasema yale ambayo hewa ya hapa inalifanyia hema likiwa limekunjwa, limefungwa, na mwenyewe amelisahau.

Adui wa kwanza ni chumvi. Mnajua kibakuli cha chumvi jikoni kinavyoloa wakati wa masika bila ya mtu kukitia maji. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji ya hewani pale unyevu unapovuka kama asilimia 75, na usiku wa Mombasa huvuka hapo mara nyingi. Chumvi ya bahari ina magnesi ndani yake, nayo huanza mapema zaidi. Sasa fikirini hema lililolala siku mbili Tiwi au Diani, upepo wa bahari ukilipulizia. Mchana unalianika, linakauka mpaka linachakarisha. Unalikunja ukiwa na amani. Ikifika magharibi chumvi iliyobaki kwenye nyuzi imeshaanza kuvuta maji, na hema limeloa upya ndani ya mfuko wake. Ndiyo maana hapa pwani kukausha peke yake hakutoshi. Hema lililokaa karibu na bahari lazima lisuuzwe kwanza, hata kama halikuguswa na wimbi wala tone la mvua.

Na maji ya kusuuzia si maji yoyote. Visima vingi vya kisiwani na vya mwambao vina maji ya chumvichumvi. Ukisuuza kwa maji hayo umeondoa chumvi ya bahari ukaweka ya kisima. Tumia maji matamu ya mfereji, au ya mvua uliyoyakinga. Hema la watu watatu linataka mitungi mitatu ya lita 20: mmoja wa kuosha, miwili ya kusuuza. Kama maji ni haba na mkokoteni haujapita, acha kuosha, tumia mitungi yote kusuuza. Chumvi ni mbaya kuliko uchafu.

Kuosha kwenyewe ni kazi ndogo ikifanywa kwa mkono. Kung'uta mchanga kwanza, hema likiwa bado kavu: fungua zipu zote, shika sakafu kwa pembe mbili, ligeuze ndani nje. Kisha tia kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwenye lita 10 za maji baridi, sabuni isiyo na blichi, kilainishi wala manukato. Pitisha sponji laini penye uchafu tu. Sabuni ya unga tunaikataa kwa sababu mabaki yake hushikamana na kitambaa, na mabaki hayo huvuta maji. Kitambaa ambacho zamani matone yalikuwa yakiteleza juu yake sasa kinaloa kama shati, na mwenyewe anadhani hema limezeeka. Mashine ya kufulia nayo ni marufuku. Ule mzunguko hunyonga neti, hung'oa utepe wa mishono na kubandua utando wa ndani unaozuia maji. Usilikamue hema kama unavyokamua shuka, liache lichuruzike lenyewe.

Halafu kukausha, na hapa tuna ugomvi na watu wengi. Kila mtu hapa amezoea kuanika juani, na jua letu ni la bure. Lakini Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Katika Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, na miezi mingine halikai mbali. Miale ile hukata nyuzi za nailoni taratibu. Poliesta huvumilia zaidi, ila nayo haikubali kuachwa wiki nzima. Mkodishaji anayeacha mahema yamesimama ufukweni msimu mzima ili wateja wayaone, anayauza kidogo kidogo kwa jua. Mkitaka kujua hema limefikia wapi, shikeni kitambaa cha juu kabisa, karibu na kilele, kwa vidole gumba viwili, mvute pande mbili kwa nguvu ya wastani. Kikichanika kama gazeti, hakuna dawa, wala usipoteze hela ya gundi.

Anika kivulini penye upepo: barazani, au uani kwenye kamba. Wakati wa kaskazi, saa tatu au nne zinatosha kwa kitambaa chepesi. Masika, lilete ndani, funga kamba chini ya feni ya dari, liache usiku kucha, na asubuhi geuza upande. Chini ya mwembe kuna kivuli kizuri lakini kuna utomvu unaonata na kuna kunguru, na kinyesi cha kunguru kikikaa siku kadhaa juani hula utando wa kitambaa. Kikidondoka, kiloweshe kwa maji kwanza mpaka kilainike, ndipo ukifute. Ukikikwangua kikiwa kikavu, mchanga uliomo ndani yake unafanya kazi ya msasa.

Kitambaa kikubwa hukauka upesi na hudanganya. Maji hubaki kwenye tepe nene za pembeni, chini ya mkunjo wa zipu, kwenye pembe nne za sakafu na ndani ya vijifuko vya kupitishia fito. Chukua karatasi ya shashi, ibane kwenye utepe wa pembe kwa nguvu, hesabu mpaka kumi. Ikitoka na unyevu, hema bado.

Kwa nini tunakazania hivi? Kifuniko cha mvua na sakafu za mahema mengi ya dukani zimepakwa poliyurethani upande wa ndani. Ni utando mwembamba mno, na ndio unaozuia maji. Kitambaa chenyewe ni chujio tu. Poliyurethani ikikaa kwenye unyevu na joto kwa muda mrefu huvunjwa na maji, kemia yake inafumuka. Dalili ya kwanza ni harufu, kama maziwa yaliyochacha au matapishi. Ya pili ni kunata: unafungua hema, kitambaa kinang'ang'aniana kama karatasi ya peremende. Ya tatu ni magamba meupe yanayodondoka kama mba. Unyevu na joto, ndugu zangu, ni hali ya hewa ya Mombasa tangu Januari hadi Desemba. Mfuko uliobanwa chini ya mabati ni jiko la kupikia utando huo, na buti la gari lililoegeshwa juani ni jiko kali zaidi.

Hema lililofika hatua ya harufu bado lina maisha kidogo. Lisuuze, lianike siku mbili, usilibane tena. Likifika kunata, wengine hulipaka poda ya mtoto ili lisishikane. Hiyo inaficha kunata, hairudishi utando. Kilichobaki ni kusugua utando wote uliooza kwa maji ya vuguvugu na brashi laini, kukausha, na kupaka mpya wa kopo kwa brashi, tabaka jembamba, nyumba ikiwa na madirisha wazi. Kwa sakafu ya hema dogo kazi hii inalipa. Kwa kifuniko kizima cha hema la watu sita, afadhali ununue kingine.

Koga ni habari nyingine, ingawa chanzo ni kilekile. Zile nukta nyeusi ni kuvu, na chakula chake kikubwa si plastiki. Hula vumbi, jasho, makombo ya mahamri na juisi ya ukwaju iliyomwagika. Hema chafu lililofungwa mbichi hapa linaweza kuanza kuota koga ndani ya siku mbili. Changanya sehemu moja ya siki nyeupe na sehemu nne za maji, pakaza, subiri dakika kumi na tano, sugua kwa mswaki laini, suuza, kausha. Harufu itapungua na kuvu litadhoofika. Madoa yatabaki, na mwenye hema akubali kuishi nayo. Wasiokubali huenda wakachukua Jiki. Klorini huondoa doa kweli, na nguvu ya nailoni pia, pamoja na mshono uliopita hapo. Mwezi unaofuata mtoto anaegemea ukuta wa hema na mkono unatokea upande wa pili.

Tuje kwenye zipu, maana hema lililofungika vizuri ndilo linalozuia mbu, na katika mji ambao dengi imewahi kulipuka zaidi ya mara moja hili si jambo la anasa. Mchanga wetu mweupe ni matumbawe na magamba yaliyosagika. Chembe zake zina makali, na zikiingia kwenye meno ya zipu husaga kile kichwa kinachokimbia juu yake. Kichwa nacho kwa kawaida ni madini ya zinki, na chumvi hukiotesha ukoko mweupe. Watu wakiona zipu inakwama huvuta kwa nguvu, au hutia mafuta ya kupikia, au hata mafuta ya cherehani. Mafuta hulainisha kwa siku moja, kisha hukusanya mchanga na kuugeuza tope la kusagia. Dawa ni mswaki mkavu kwanza, kisha maji matamu mengi, kisha mswaki tena. Ukoko wa kichwani uguse na siki kidogo, uache dakika chache, usuuze kabisa. Zipu ikishakauka pitisha mshumaa mara mbili, upesi upesi, halafu futa ziada.

Na ikiwa zipu inafungika lakini inaachama nyuma ya kichwa? Meno yako mazima. Kilichokwisha ni kichwa, kimepanuka. Chukua plaisi, bana ukingo wa kushoto wa kichwa kidogo sana, kisha wa kulia kwa kipimo hichohicho, jaribu, bana tena kama bado. Wanaoharibu ni wale wanaobana mara moja kwa hasira. Madini yale ni kama biskuti, hupinda kidogo tu kisha huvunjika. Hata hivyo kubana ni kwa muda. Dawa ya kudumu ni kichwa kipya, na namba yake imechapwa mgongoni mwa kile cha zamani, aghlabu 5, 8 au 10. Mpelekee muuza zipu namba hiyo, usimpelekee maelezo ya mikono.

Fito za alumini zina ugonjwa wa viungo. Maji ya chumvi yakiingia pale kipande kinapoingia ndani ya kingine, huota unga mweupe na vipande viwili vikawa kimoja. Kila mkitoka pwani suuzeni fito, mziache viungo vimeachana nusu ili ndani pakauke. Kilichokwama usikitie plaisi, utabonyeza bomba. Funga kipande cha tyubu ya baiskeli kila upande, upate mshiko, zungusha huku unavuta. Fito za faibaglasi hazioti kutu ila hupasuka kwa urefu, na vijiti vyake vidogo vikiingia kiganjani ni adha ya wiki nzima. Ukiona mpasuko, funga tepu ngumu kwa siku hiyo, kisha badilisha kipande. Pima unene kwa kalipa kabla ya kwenda dukani: milimita 7.9 na 8.5 kwa macho zinafanana kama mapacha, lakini haziingiliani. Wakati wa kukunja anza kati, nenda kwenye ncha, ili mpira wa ndani uvutike sawasawa pande zote. Anayeanza ncha moja hadi nyingine anaumaliza mpira upande mmoja.

Vigingi viwe na mfuko wake peke yake. Kutu ya kigingi cha chuma iliyolala juu ya sakafu yenye unyevu huacha doa, na doa likawa tundu. Tukiwa hapo kwenye vigingi: vile vya waya vinavyokuja na hema havishiki mchanga wa ufukweni, hasa kusi inapovuma katikati ya mwaka, na hema lililong'oka na kubingirika huchanika zaidi kuliko lililotumika miaka mitano. Jaza mfuko mchanga, ufunge kamba, uuzike sentimita 30 chini. Chagua kivuli cha mvinje, si cha mnazi. Hatuna haja ya kueleza nazi inafanya nini.

Mishono. Hema likivuja usiku, kabla ya kulaumu mshono angalia kama si pumzi zenu wenyewe. Usiku wa pwani wenye unyevu, madirisha yamefungwa, watu wanne ndani: mvuke hugeuka matone upande wa ndani wa kifuniko, na matone yakidondoka kila mtu anasema hema limetoboka. Fungua matundu ya juu. Kama maji yanafuata mstari wa uzi, hapo ni mshono. Utepe ulioachia ubandue wote, safisha kwa spiriti, kisha paka dawa ya mishono ya poliyurethani, mstari mwembamba, uache usiku mzima. Mahema mepesi sana yanayoteleza pande zote mbili, ambayo tepu yoyote inakataa kushika, yamepakwa silikoni. Hayo hayataki kitu kingine ila silikoni: nunua ile ya madirisha duka la vifaa vya ujenzi, ile isiyo na rangi, izimue na spiriti nyeupe, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, mpaka iwe kama asali, paka upana wa sentimita 1 upande wa nje. Ikikauka nyunyiza poda isinatane. Ukichanganya mambo, poliyurethani juu ya silikoni, itabanduka kama gamba la mjusi.

Ukimpelekea fundi cherehani, mwambie mambo mawili. Uzi uwe wa poliesta, wa pamba utaoza. Na asipite mara tatu juu ya mshono mmoja kwa nia njema, kwani kila tundu la sindano ni tundu la maji. Kiraka kikatwe pembe za mviringo, kipite mpasuko kwa sentimita 2.5 kila upande. Tepu nyeusi ya mafundi umeme iacheni kwenye nyaya. Kwenye joto letu huteleza na kuacha gundi isiyotoka.

Kwa wenye mahema ya turubai la pamba, yale mazito ya safari, tutasema machache. Likiwa jipya lisimamishe, limwagie maji, liache likauke, urudie mara mbili tatu: nyuzi huvimba na kuziba matundu ya sindano. Mvua ikinyesha usiguse ukuta kwa ndani, na ulegeze kamba za katani au pamba kwa sababu zikiloa hujivuta fupi na kung'oa vigingi. Mchwa hulipenda turubai la pamba, basi lisilazwe chini.

Sasa mahali pa kulaza. Ule mfuko mwembamba lililokuja nao ni wa safari. Nyumbani hema likae legelege ndani ya foronya kubwa au mfuko wa pamba unaopumua, juu ya rafu au kitanda, mbali na sakafu ya saruji na mbali na mabati. Usilikunje kila mara kwenye mistari ileile, utando hukatika hapo. Kuanzia Aprili hadi Juni litoe kila baada ya wiki mbili, lifungue chini ya feni kwa saa moja, linuse. Pua itakuambia kabla ya macho. Chumba chenye eyakondisha ndicho bora kuliko vyote. Kama mna ofisi yenye kabati humo, wanyang'anyeni faili nafasi.

Mliokuja na mahema yenu, yatandazeni pale barazani kwenye kivuli, zipu zote wazi. Tutaanza na yanayonuka.